Ada Imeondoka, Kiti cha Mzazi Kipo Palepale
Historia fupi ya wazazi na shule katika Kariakoo na katikati ya jiji la Dar es Salaam



Kila mwaka kijitabu hiki cha harambee hueleza chama kimekusanya nini, kimetumia nini, na mwaka ujao kinakusudia kufanya nini. Mwaka huu Kamati imeona fungu kubwa la harambee liende kwenye elimu ya watoto wanaosoma katika shule za eneo letu, ikaniomba niandike historia ya elimu hiyo. Mimi ni mhasibu, si mwanahistoria. Kazi yangu imenizoesha kuuliza maswali mawili: nani alitoa, na nani alipewa hesabu? Nimeipitia historia ya mtaa wetu kwa maswali hayohayo, na jibu nililolipata ni hili. Elimu ya Kariakoo ilisonga mbele pale mzazi alipotoa na pia akawepo. Alipotoa bila kuwepo, au alipoambiwa asitoe akadhani na kuwepo kumekwisha, watoto ndio waliobeba hasara.

MTAA WA UPANDE WA PILI WA MNAZI MMOJA

Wengi wetu tunajua jina la Kariakoo lilikotoka. Wajerumani walijenga jengo kubwa hapa lililotarajiwa kufunguliwa kwa sherehe mwaka 1914, vita vikaingia. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliweka hapa kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, na ulimi wetu ukalifanya jina hilo kuwa Kariakoo. Mwaka 1923 jengo lile likawa soko. Soko tunalolijua sisi, lililochorwa na msanifu wetu Beda Amuli, lilikuja katika miaka ya 1970.

Serikali ya Kiingereza iliugawa mji katika maeneo matatu: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kati ya Uhindini na kwetu uliachwa uwanja wazi, ule wa Mnazi Mmoja. Shule nazo ziligawanywa vivyo hivyo. Kulikuwa na shule za Wazungu, shule za Wahindi na shule za Waafrika, na fedha hazikugawanywa sawa. Mtoto wa Kariakoo alikuwa na shule ya serikali ya Kichwele, katika barabara ambayo leo ni Uhuru. Watoto wengi waliobahatika kuingia darasani waliishia la nne. Aliyetaka kuendelea alitazama nje ya mji, Minaki au Pugu, kwenye shule za misheni.

Jambo moja la kihasibu tulitazame vizuri. Serikali ile ilikuwa ikitoa ruzuku kwa shule zilizoanzishwa na misheni na jumuiya mbalimbali. Jumuiya iliyokuwa na chama, kamati na daftari la michango ilikuwa na pa kuanzia. Wenzetu wa Uhindini walilielewa hilo mapema, na kila jumuiya ikajenga shule yake. Shule ya wavulana ya Aga Khan ndiyo leo sekondari ya Tambaza. Mzee wa Kariakoo aliyekuwa karani, fundi au mchukuzi bandarini aliyaona hayo kila siku akivuka Mnazi Mmoja kwenda kazini.

WAZEE WALIOJENGA KWA MIKONO YAO

Wazee wetu hawakukaa kulalamika. Mwaka 1929 ilianzishwa African Association hapa Dar es Salaam. Rais wake wa kwanza alikuwa Cecil Matola, mwalimu wa shule, na katibu wake alikuwa Kleist Sykes. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 wanachama walijenga ofisi yao New Street, mtaa ambao leo unaitwa Lumumba, kwa michango yao na kwa kazi ya kujitolea. Ndipo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954.

Kleist Sykes huyohuyo, pamoja na wazee wengine akiwemo Mzee bin Sudi, walikuwa viongozi wa chama kingine cha miaka ile ya 1930, Al Jamiatul Islamiyya. Wazazi wengi wa Kiislamu wa mjini walikuwa katika njia panda. Walitaka watoto wao wasome hesabu na Kiingereza, lakini walihofia kuwa shule za misheni zingewabadilisha dini. Wengine wakaamua chuo cha Kurani kinatosha. Wazee wa Al Jamiatul walipata njia ya tatu. Walichanga, wakajenga shule Kariakoo, na ndani ya shule hiyo mtoto akasoma dini na elimu ya kisasa chini ya paa moja.

Tuone walichokifanya wazee hao. Hofu ya mzazi walilichukulia kuwa jambo la kujibiwa, hawakumbeza. Hawakumwambia, "Lete mtoto, mengine tuachie sisi." Walimwita kwenye chama, akachangia, akasomewa hesabu, akajua shule inafundisha nini na kwa nini. Mzazi wa namna hiyo hamfichi mtoto wake na shule, kwa kuwa shule ni yake.

MAMA MMOJA NA UAMUZI WAKE

Historia ya elimu huandikwa kwa majina ya vyama na viongozi, lakini mara nyingi huamuliwa barazani na jikoni. Mfano ulio karibu nasi ni wa Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa mjini hapa mwaka 1926. Kwa simulizi yake mwenyewe, baba yake hakutaka aende shule, kwa hofu ileile niliyoieleza. Baba alipofariki, mama yake aliamua kumpeleka shule ya wasichana ya serikali, ambayo leo tunaiita Uhuru Wasichana. Alisoma hadi darasa la nne.

Darasa la nne leo linaonekana dogo. Kwa binti wa Kiswahili wa miaka ile lilikuwa jambo kubwa. Msichana huyo alikuja kuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma, na TANU ilipotafuta wanawake mwaka 1955, yeye ndiye aliyewaingiza kwa maelfu kupitia vikundi vya ngoma na lelemama vya mitaa yetu. Barabara inayopita Mnazi Mmoja ina jina lake. Mama yake hakuwa na shule wala cheo, na jina lake halijulikani kwa wengi. Alichokuwa nacho ni neno la "nenda", na alilisema wakati ambapo majirani wengi wasingelisema.

Nauelekeza mfano huu kwa wale wanaosema, "Mimi sikusoma, nitamsaidia nini mtoto?" Mama huyo aliamua mtoto aende. Hilo ndilo la kwanza, na halihitaji cheti.

TAPA, NA CHUO KIKUU KILICHOZALIWA MTAANI KWETU

Katikati ya miaka ya 1950, TANU ikiwa bado changa, ilianzishwa jumuiya ya wazazi wa Kiafrika, Tanganyika African Parents Association, iliyojulikana kwa jina la TAPA. Ndiyo iliyokuja kuwa Jumuiya ya Wazazi. Kazi yake ilikuwa kujenga shule pale serikali ya kikoloni ilipokuwa haijengi. Shule nyingi za TAPA zilikuwa duni, za udongo na makuti, na walimu wake wengi hawakuwa na mafunzo. Lakini zilichukua watoto ambao hakuna mwingine aliyekuwa akiwachukua, na zilijengwa na wazazi.

Tarehe 25 Oktoba 1961, chini ya miezi miwili kabla ya Uhuru, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London. Hakikuanzia Mlimani. Kilianzia katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wasiozidi 15. Kilihamia Mlimani mwaka 1964. Kwa hiyo mwana Kariakoo anapopita Lumumba kwenye vibanda vya nguo na spea za simu, ajue anapita mbele ya mahali elimu ya juu ya nchi hii ilipoanzia. Na taifa lilikuwa na jengo la kuanzia kwa sababu chama cha wananchi kilikuwa nalo tayari.

SHULE ZIKAWA ZA SERIKALI

Baada ya Uhuru mambo yalikwenda haraka. Ubaguzi wa rangi shuleni ulifutwa. Mwaka 1967 ilitoka Elimu ya Kujitegemea. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliiwezesha serikali kuzichukua shule za misheni na za jumuiya. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wazazi wenyewe wakaingia darasani jioni. Mwaka 1973 ada ya shule za msingi ilifutwa. Mwaka 1974 Azimio la Musoma liliagiza kila mtoto aingie shule ifikapo 1977, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikamfanya mzazi awajibike kisheria kumwandikisha mtoto na kuhakikisha anahudhuria. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 shule za msingi nchini zilikuwa na watoto zaidi ya milioni 3.

Hayo ni mafanikio makubwa na hakuna wa kuyabeza. Mtoto wa mpika vitumbua wa Gerezani na mtoto wa mkurugenzi wa Upanga waliweza kukaa dawati moja. Hata hivyo kuna kitu kilipungua taratibu. Shule iliyokuwa "yetu" ikawa "ya serikali". Paa likivuja, tulisubiri serikali. Mwalimu asipofika, tulisubiri serikali. Ule mkutano wa wazee wa miaka ya 1930, wa kusomeana hesabu na kuulizana maswali, haukuwa na mrithi. Mzazi alibaki na kazi ya kumfulia mtoto sare na kumwamsha asubuhi.

MIAKA YA MICHANGO

Sisi tulio katika umri wa miaka ya 40 tulisoma msingi katika kipindi kigumu. Katikati ya miaka ya 1980 uchumi ulikuwa umeyumba na malipo yakarudi shuleni. Tunakumbuka zamu mbili, wengine asubuhi na wengine mchana. Tunakumbuka kukaa watatu na wanne kwenye dawati, na wengine chini. Tunakumbuka pia mchango wa mlinzi, mchango wa dawati, mchango wa mtihani, na majina yakisomwa mstarini: ambaye hajalipa arudi nyumbani.

Kwa jicho la mhasibu, kosa la kipindi kile halikuwa fedha yenyewe. Wazee wa Al Jamiatul nao walichanga. Kosa lilikuwa kwamba, katika shule nyingi, mzazi aligeuzwa mfuko. Aliitwa anapodaiwa. Alitoa bila stakabadhi, na mwisho wa mwaka hakusomewa mapato wala matumizi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Na hapa haikuisha mali peke yake, imani nayo iliisha. Wazazi wakajifunza kuukimbia mkutano wa shule kama wanavyomkimbia mdai. Tabia hiyo tunayo hadi leo, hata pale ambapo hakuna anayetudai.

ADA ILIPOONDOKA MARA YA PILI NA YA TATU

Mwaka 2002, chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ada ya shule za msingi ilifutwa tena. Idadi ya wanafunzi wa msingi nchini iliruka kutoka takriban milioni 4.9 mwaka 2001 hadi takriban milioni 6.6 mwaka 2003. MMEM ulikuja na jambo zuri ambalo wengi hatukulitilia maanani. Uliipa nguvu kamati ya shule, yenye wazazi waliochaguliwa na wazazi wenzao, mwalimu mkuu akiwa katibu. Uliagiza pia mapato na matumizi ya shule yabandikwe kwenye ubao wa matangazo, kila mtu ayasome.

Kisha Januari 2016 ikaja elimu bila ada hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafika kidato cha sita. Hapa ndipo wazazi wengi waliposikia nusu ya tangazo. Waliposikia "bila ada" walielewa "bila mzazi". Ukweli ni kwamba maelekezo ya serikali yalimwachia mzazi sare, madaftari, kalamu, matibabu, na chakula cha mtoto wa kutwa. Hayo ni ya mfukoni. Kuna na yasiyo ya mfukoni, na hayo hayakufutwa na waraka wowote.

Tufanye hesabu kidogo. Utaratibu ulioanza 2016 uliweka ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 zilibaki kwa ajili ya vitabu na 6,000 zilipelekwa shuleni. Shule yenye wanafunzi 1,000 kwa hiyo hupata shilingi milioni 6 kwa mwaka, yaani 500,000 kwa mwezi. Hizo ndizo za chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, michezo na ofisi. Shilingi 500,000 kwa mwezi kwa watoto 1,000 ni shilingi 500 kwa mtoto. Mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo anajua 500 inanunua nini.

Hesabu hii inatufundisha mambo mawili. Kwanza, fedha ni ndogo, na ndiyo maana harambee yetu ina maana. Pili, fedha ndogo ndiyo inayohitaji macho mengi zaidi. Fundi mmoja aliyelipwa zaidi ya haki yake anaweza kumaliza ukarabati wa mwaka mzima. Atakayeliona hilo ni mzazi aliyesoma ubao wa matangazo na akauliza kwa heshima, "Mwalimu, hapa pamekaaje?"

MZAZI WA KARIAKOO WA LEO NI NANI?

Mtaa umebadilika. Nyumba ya babu yenye vyumba sita, ukumbi na uwani imeuzwa au imeingia ubia, na leo ni ghorofa la maduka na stoo. Wengi wetu tumehamia Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara na Tegeta. Lakini shule za kwetu hazijahama. Uhuru Mchanganyiko, ambayo miaka yote imepokea pia watoto wasioona na wenye ulemavu mwingine, ipo. Mnazi Mmoja ipo. Kila alfajiri watoto wanashuka kwenye daladala na mwendokasi wakiwa na sare, wengine wakitokea mbali, kwa sababu mama au baba yao anauza Kariakoo.

Mzazi huyo anafungua duka au kutandaza meza asubuhi na kufika nyumbani saa tatu usiku, mtoto amelala. Hatumlaumu. Mkutano wa shule ukiitishwa Jumatano saa nne asubuhi, kwake ndio wakati wa wateja. Akienda, anapoteza mauzo ya siku. Asipoenda, wachache waliohudhuria wanaamua kwa niaba ya watoto mia kadhaa. Mwalimu naye, mwenye darasa lililojaa, hawezi kujua kwamba Asha wa darasa la tatu haoni ubaoni au kwamba Juma anasinzia kwa kuwa aliamka saa kumi. Anayejua ni mzazi, na mzazi hayupo.

TUNACHOOMBA

Fungu la elimu la harambee hii litanunua madawati, na sare na madaftari kwa watoto wasio na wa kuwanunulia. Fomu ya ahadi ipo kwenye kurasa za mwisho. Kila atakayechangia atapata stakabadhi, na hesabu zitasomwa mbele ya mkutano mkuu, kama wazee wetu walivyosomeana zao. Lakini Kamati inaomba na mambo manne ambayo hayana bei.

La kwanza, kila mwenye mtoto shuleni ahudhurie mkutano mmoja kila muhula. Chama kitaandika barua kwa walimu wakuu kuomba mikutano ya wazazi ifanyike Jumamosi mchana au Jumapili, ili mfanyabiashara aweze kufika.

La pili, usome ubao wa matangazo wa shule. Kama hujui kusoma hesabu, sisi wahasibu ndani ya chama tumejitolea kumfundisha yeyote kwa saa moja, bure.

La tatu, wagombee kamati za shule watu wanaofaa. Tumezoea kumchagua aliye na nafasi. Tumchague anayeuliza.

La nne ni la nyumbani. Hata ukifika saa tatu usiku, fungua daftari la mtoto. Hata usiposoma, utaona tarehe, utaona alama nyekundu, utaona kurasa tupu. Kesho yake asubuhi muulize neno moja tu kuhusu ulichokiona. Mtoto akijua kwamba daftari lake linafunguliwa kila usiku, analiandika kwa namna nyingine.

Wazee waliochanga miaka ya 1930 hawakuwa na benki kwenye simu. Mama yake Bibi Titi hakuwa na shule. Wote walikuwa na kiti chao kwenye habari za mtoto, wakakikalia. Ada imekuja ikaondoka, ikarudi, ikaondoka tena. Kiti hicho hakuna aliyekiondoa. Tukakikalie.